Mtoto amekaa kichwa juu, na mama mkwe anataka nikakandwe

Mama Mkunga, salamu nyingi.

Mimi nina miaka 26, naishi Kayole na mume wangu ambaye ni kondakta wa matatu. Hii ni mimba yangu ya kwanza na nimefikisha wiki 33. Nafanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa, kwa hivyo kutwa nzima nimekaa.

Wiki jana nilienda kliniki. Nesi akanipapasa tumbo, akanyamaza, akanipapasa tena, kisha akanituma nikapigwe skani. Karatasi ikarudi imeandikwa "breech". Akaisoma akasema, "Mtoto amekaa vibaya, jiandae kwa operesheni," akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu nikaona haya kuuliza. Nililia kwenye matatu mpaka nikapitiliza steji yangu.

Karatasi yenyewe nimeisoma hadi imechakaa. Inasema kondo liko juu, maji yanatosha, na mtoto ana kilo mbili na kidogo. Kwa hivyo sielewi ubaya uko wapi.

Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Jirani anasema niwashe tochi ya simu chini ya tumbo kila usiku ili mtoto aufuate mwanga. Dada mmoja wa chama chetu ameniambia niegemeze miguu ukutani, kichwa kiwe chini. Lakini aliyenitia hofu kabisa ni mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea kutoka mashambani. Anasema nisafiri naye nikakandwe na mkunga wa kwao. Mimba ya mume wangu ilipokuwa ya miezi saba, naye alikuwa kichwa juu. Huyo mkunga akaikanda kwa mafuta siku tatu, mtoto akageuka, akazaliwa salama. Nauli yangu ameshaitenga.

Tena anasema kosa ni langu. Eti nalalia upande wa kulia, na nabeba mitungi ya maji hadi ghorofa ya tatu. Juzi jioni nilimsikia akimwambia mume wangu jikoni kwamba zamani mtoto aliyekuja kwa miguu alihesabiwa kuwa wa mkosi. Sikulala usiku huo. Mume wangu amekwama katikati. Hataki kumvunjia mama yake heshima, na mimi pia hanilazimishi.

Naomba uniambie ukweli. Nimemkosea nini mtoto wangu? Nikandwe ama nisikandwe? Ni lazima nipasuliwe? Na kuna jambo lingine dogo: hapa chini ya mbavu za kulia kuna kitu kigumu kinachonibana nikikaa kibandani, halafu mateke nayasikia chini kabisa, hadi nakimbilia choo. Je, hiyo ni kawaida?

Mwenye Hofu, Kayole

Mwanangu,

Nianze na majibu mafupi, kwa sababu najua hujalala. Hujamkosea mtoto wako lolote. Usikandwe, wala huko mashambani wala na mtu yeyote hapo Kayole. Na habari ya kupasuliwa bado haijaamuliwa na mtu, maana wiki 33 ni mapema mno kuamua. Nesi wako alikuwa na foleni, naielewa foleni hiyo kwa sababu nimeisimamia miaka mingi, lakini neno "operesheni" halikupaswa kutupwa mezani likaachwa hapo.

Sasa tuanze na hilo uliloliita jambo dogo, kwa sababu si dogo. Ndilo jibu lenyewe.

Hicho kitu kigumu chini ya mbavu zako za kulia ni kichwa cha mwanao. Leo jioni jilaze kidogo, mgongo umeegemea mito usilale chali kabisa, kunja magoti ili tumbo lilegee, kisha uweke vidole vyako pale taratibu. Utakuta kitu cha mviringo, kigumu, ukubwa wa balungi. Kiguse kwa upole upande mmoja, kitasogea kidogo na kurudi, peke yake, mwili ukiwa umetulia. Hufanya hivyo kwa sababu kiko juu ya shingo. Makalio hayachezi namna hiyo. Makalio ni mapana na laini, huwezi kusema yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na ukiyasukuma mwili mzima unaondoka nayo. Hivyo ndivyo nesi alivyojua kabla ya skani, na ndiyo maana alinyamaza akarudia. Mwalimu wangu wa ukunga alikuwa akituambia tufumbe macho tunapopapasa, kwa sababu macho yana haraka kuliko mikono. Unaanza juu ya tumbo, ukiuliza, hapa juu kuna nini? Unashuka ubavuni kutafuta mgongo, ambao ni mrefu na laini kama ukingo wa bakuli, na upande wa pili unakuta vifundo vidogo vidogo, yaani magoti na viwiko. Unamalizia juu ya kinena. Hatua hizo ni nne na zinajulikana kwa jina la daktari Mjerumani, Christian Gerhard Leopold, aliyezieleza mwishoni mwa karne ya 19. Hadi leo ndizo zinazotumika katika kliniki zetu, hata pasipo na umeme.

Na mateke ya chini? Miguu yake iko huko, juu ya kibofu chako. Ndiyo maana unakimbilia choo. Akigeuka utajua, kwa sababu mateke yatahamia mbavuni na hicho kigumu kitaondoka. Nesi naye atajua kwa masikio, kwani moyo wa mtoto aliyekaa kichwa juu husikika vizuri zaidi juu ya kitovu chako, na wa aliyeinamisha kichwa husikika chini yake.

Sasa kwa nini amekaa hivyo. Mji wa mimba una umbo la peasi lililopinduliwa, juu ni mpana na chini ni mwembamba. Mtoto akiwa mdogo maji yanamtosha kuogelea, leo kichwa juu, kesho chini, na hakuna anayejali. Kadiri anavyokua nafasi inapungua, na kwa kawaida makalio na miguu iliyokunjwa, ambayo kwa pamoja ni mizigo mikubwa kuliko kichwa, huhamia kule juu kwenye upana. Kichwa kinabaki na sehemu nyembamba ya chini. Hakuna anayemfundisha. Katika wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano bado yuko kichwa juu. Mimba ikitimia, wanabaki watatu au wanne tu kati ya 100. Hao wengine wote wamegeuka wenyewe, wengi wao mama zao wakiwa wamelala usingizi.

Soma tena tarakimu hizo, kisha umfikirie mume wako. Alikandwa mimba ikiwa ya miezi saba. Wakati huo wako wengi sana wanaokaa kichwa juu, na walio wengi hugeuka kabla ya kuzaliwa, wakandwe wasikandwe. Simwiti mama mkwe wako mwongo. Aliyoyaona aliyaona kweli: mtoto alikuwa juu, mikono ikapita, mtoto akashuka. Lakini huyo mkunga angempaka mafuta miguuni badala ya tumboni, mume wako yaelekea angegeuka vile vile.

Wako watoto wasiogeuka kwa sababu ya kizuizi. Huenda kondo limekaa chini likaziba njia, au kuna uvimbe katika mji wa mimba, au umbo la mji wenyewe si la kawaida, au maji ni machache mno au mengi mno, au mapacha wanagombea nafasi. Na kwa aliyezaa mara nyingi, misuli ya tumbo huwa imelegea na mtoto hukosa kitu cha kumwelekeza. Ndiyo maana nimefurahi uliposema umeisoma karatasi ya skani hadi ikachakaa. Kondo liko juu, maji yanatosha. Hayo mawili ni habari njema, ingawa hakuna aliyekwambia kuwa ni njema. Mara nyingi sababu haipatikani kabisa.

Mitungi ya maji haigeuzi mtoto. Mpe mume wako aibebe, kwa sababu mgongo wako umechoka na ngazi za ghorofa tatu si mchezo kwa mwenye mimba, lakini si kwa sababu ya hili. Kulalia kulia nako hakugeuzi. Tunachowaambia akina mama baada ya wiki ya 28 ni walale kwa ubavu, kulia au kushoto, wasilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hubana mishipa mikubwa ya damu iliyo nyuma. Tochi haina madhara, wala haina ushahidi. Kupiga magoti ukiwa umeinamisha kifua sakafuni na makalio juu, dakika 10 au 15, wengine hufanya. Tafiti zilizopo hazijaonyesha kuwa inageuza watoto, ila ukiona inakupumzisha mgongo, fanya. Lile la miguu ukutani kichwa chini, achana nalo. Ukianguka hapo hakuna atakayekusifu.

Nije kwenye kukandwa, na hapa naomba umpe mama mkwe wako asome mwenyewe.

Mama, mimi pia naitwa mkunga na ninawaheshimu wanawake walioshika watoto wetu kabla hakujawa na barabara. Lakini kuna usiku mmoja sijausahau. Nilikuwa zamu katika hospitali ambayo sitaitaja, akaletwa mama wa mimba ya miezi minane. Alikuwa amekandwa mchana ule ili mtoto ashuke. Damu iliyotoka nje ilikuwa kidogo, kiasi cha kuchafua kanga tu. Lakini nilipoweka mkono tumboni, tumbo lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea hata kidogo. Nikachukua pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, nikaiweka hapa, nikaihamishia pale, nikashusha, nikapandisha. Yule mama alikuwa akinitazama usoni muda wote. Sikusikia kitu. Kondo lilikuwa limebanduka kutoka ukutani na damu ilikuwa imejaa ndani, isionekane. Yeye tulimwokoa.

Mkono unaosukuma tumbo hauoni kondo limekaa wapi. Hauoni kama kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni. Hausikii moyo ukipungua kasi. Na mambo yakiharibika, kutoka kwenye kitanda cha kukandia hadi chumba cha upasuaji ni mbali mno. Kwa aliyewahi kupasuliwa ni hatari zaidi, kwa sababu kovu laweza kuachia.

Na juu ya mkosi, Mama, nitasema kidogo tu. Waswahili wa zamani walikuwa na neno kigego, mtoto aliyedhaniwa kuleta mkosi, kwa mfano kwa kuota meno ya juu kwanza. Leo mjukuu akiota meno ya juu kwanza tunamnunulia mswaki. Huyu naye amekaa tu.

Nikurudie wewe, mwanangu. Kuna namna ya kumgeuza mtoto kwa mikono ambayo madaktari wenyewe wanaifanya, na usichanganye hiyo na kukandwa. Mwongozo wa Uingereza unasema ifanywe kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza, na wiki ya 37 kwa waliokwisha kuzaa. Hawafanyi mapema kwa sababu wengi watageuka wenyewe, na wengine wakigeuzwa mapema hurudi walikokuwa. Tena kukitokea tatizo katika wiki ya 36, mtoto anaweza kuzaliwa siku hiyo hiyo na mapafu yake yako karibu kukomaa. Inafanywa hospitalini penye chumba cha upasuaji. Wanaanza na skani. Wanapima mapigo ya moyo wa mtoto kwa mashine, kabla na baada. Mara nyingi unachomwa sindano ya kulegeza mji wa mimba. Kisha daktari anayanyanyua makalio ya mtoto kutoka nyongani, na kwa mkono wa pili anakisukuma kichwa, mtoto apige kama kichwangomba. Inabana na wengine wanasema inauma, lakini ni dakika chache, na ukisema basi, wanaacha. Kwa mimba ya kwanza hufaulu kwa karibu wanawake 4 kati ya 10, na kwa waliokwisha kuzaa karibu 6 kati ya 10. Kwa kila 200 wanaofanyiwa, kama mmoja hulazimika kupasuliwa kwa dharura. Angalia kundi lako la damu kwenye kitabu cha kliniki. Kama limeandikwa kuwa ni hasi, utahitaji sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wako usipigane na damu ya mtoto, uwakumbushe.

Si kila hospitali ya Nairobi inafanya hivyo, wala si kila daktari ana uzoefu. Kwa hivyo usingoje uambiwe. Ukienda kliniki ya wiki ya 36, kabla hujapanda kitandani, mwambie nesi hivi: nilikuwa na mtoto kichwa juu katika wiki ya 33, naomba unieleze sasa amekaaje, na kama bado yuko juu naomba nikaonwe na daktari wa uzazi nijue kama naweza kugeuziwa. Andika maneno hayo kwenye simu uyasome. Usione haya tena kwa sababu ya foleni. Ni dakika tano, na ni zako.

Asipogeuka, au ikiwa hutaki ageuzwe, ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza kweli. Nikueleze kwa nini hospitali nyingi huelekea huko. Mwaka 2000 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Kanada. Ulihusu wanawake 2,088 katika nchi 26, wote wakiwa na watoto waliotanguliza makalio. Katika kundi lililopangiwa upasuaji, watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa asilimia 1.6. Katika kundi lililopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 5. Karibu dunia nzima ikabadilika baada ya hapo. Miaka michache baadaye baadhi ya watoto hao walipimwa wakiwa na miaka miwili, na hapakuonekana tofauti kati ya makundi kwa vifo wala ukuaji wa akili. Kwa hiyo wako madaktari wanaokubali njia ya kawaida kwa mama aliyechaguliwa vizuri, na mkunga aliyezoea kushika makalio. Lakini mkono uliozoea hupatikana kwa mazoezi, na tangu mwaka 2000 vijana wengi hawakuyapata. Ukiambiwa upasuaji ndio salama kwako pale ulipo, huenda ni kweli kabisa, na si adhabu.

Inategemea pia amekaaje huyo aliyekaa kichwa juu. Wengi miguu huwa imenyooshwa hadi usoni, vidole karibu na masikio, makalio peke yake ndiyo yametangulia. Wengine wamekunja magoti kama mtu aliyeketi mkekani. Wachache mguu mmoja umeshuka mbele ya makalio, na hao ndio wanaotutia wasiwasi, nitakueleza sababu sasa hivi. Muulize daktari wako ni yupi kati ya hao.

Ukipangiwa upasuaji, kwa kawaida huwekwa wiki ya 39, mapafu yawe tayari, isipokuwa kuna sababu nyingine. Na asubuhi ya siku yenyewe omba wakupige skani tena au wakupapase kabla ya kukuingiza ndani. Nimemwona mama akivuliwa lile gauni la kijani akarudi nyumbani kungoja uchungu, kwa sababu mtoto alikuwa amegeuka usiku. Kumbuka pia kwamba kovu la kwanza lina maana kwa mimba zijazo: utazalia hospitali yenye chumba cha upasuaji kila mara, ingawa wengi huweza kuzaa kawaida mara ya pili.

Sasa sababu ya mimi kukukataza safari, hata kama hutakandwa. Kichwa kikitangulia huziba mlango wa uzazi kama kizibo. Makalio hayazibi vizuri hivyo, na mguu hauzibi kabisa. Maji yakivunjika, kamba ya kitovu inaweza kuteleza na kutoka mbele ya mtoto, ikabanwa, na hewa yake ikakatika. Hilo halingoji gari la kutoka kijijini. Kwa hiyo maji yakivunjika, hata kama huna uchungu wowote, hata kama ni saa nane usiku, nenda hospitali hapo hapo, usianze kuoga wala kupika. Ukiona au ukihisi kitu kama kamba laini kimetokeza, usikirudishe ndani. Piga magoti, weka kifua chini, makalio juu, hadi gari lifike, na ndani ya gari ulalie ubavu wa kushoto kwenye kiti cha nyuma, mto ukiwa chini ya nyonga. Tafuta mapema dereva wa teksi anayeishi karibu, uwe na namba yake, na mume wako pia awe nayo. Usipande boda boda. Damu ikitoka, au mateke yakipungua, au tumbo likiwa gumu lisilolegea, fanya vivyo hivyo, usingoje kukuche.

Hapo Kayole uko karibu na hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, ambayo imezalisha watu wa jiji hili tangu mwaka 1926, haiko mbali. Huko kwa mama mkwe sijui chumba cha upasuaji kiko kilomita ngapi, lakini yeye anajua. Muulize.

Pesa nazo. Hukuzitaja ila naziona kati ya mistari. Linda Mama tuliyoizoea, ule mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo, imeondoka, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, upande wa uzazi ukiitwa Linda Jamii. Kujisajili peke yake hakutoshi kwa upasuaji, mchango lazima uwe umelipwa, na kwa asiye na mshahara wa kila mwezi huhesabiwa wa mwaka mzima. Mketi wewe na mume wako wiki hii. Ile nauli iliyotengwa ingefaa sana hapa.

Jambo moja ambalo akina mama husahaulishwa. Kama atabaki kichwa juu hadi wiki ya 36 au zaidi, hata akigeuka baadaye, mwambie nesi baada ya kuzaliwa ili nyonga zake zikaguliwe vizuri, na skani ya nyonga ifanywe akiwa na wiki kama sita ikiwezekana. Watoto hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kifundo cha nyonga kutokaa sawasawa, na kikigunduliwa mapema hutibika kwa mkanda tu. Ukiona pia miguu yake inapanda juu siku za kwanza, usiogope, ndivyo alivyozoea kulala.

Na mume wako usimwache katikati. Mpe kazi. Aje nawe kliniki ya wiki ya 36, na mama yake pia aje kama bado yupo Nairobi. Mwombe nesi amruhusu mama mkwe aweke mkono pale, chini ya mbavu zako za kulia, akiguse hicho kichwa kinavyocheza kikirudi. Kama kimeshahama, nesi ataushusha mkono wake hadi juu ya kinena akitafute huko. Amekuja kutoka mbali kwa sababu anamwogopea mjukuu. Mpe nafasi amshike.

Mama Mkunga